Imebaki vifungo tu

Mteja anayepiga kelele simwogopi. Atasimama barazani, mkono kiunoni, aite majirani washuhudie. Ataniita muongo, mla vitambaa, na atanikumbusha kwamba marehemu mjomba wangu alimshonea tangu yeye mwari na hata siku moja hakumcheleweshea nguo. (Si kweli. Mjomba alichelewesha kuliko mimi, ila alikuwa na mvi, na mwenye mvi watu humsitahi.) Namwacha amalize. Akishamaliza hukaa kwenye benchi, huomba maji, na hapo ndipo tunapoanza kusemezana kama watu.

Ninayemwogopa ni yule anayeivaa nguo, akajitazama kwenye kioo, akageuka huku, akageuka huku, akasema "Ahsante, fundi," akalipa baki yake, asirudi tena.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, Ngamiani, kwenye zile barabara zenye namba badala ya majina. Namba yangu siitaji, maana wapo wawili watatu wananidai nguo na sipendi kuwarahisishia. Nina cherehani ya kukanyaga aina ya Butterfly niliyorithi kwa mjomba, ovaloki ya umeme, ya kufunga kingo za nguo zisifumuke, niliyoinunua kwa mkopo wa kikundi, meza ya kukatia, na mpwa wangu wa kike ambaye ndiye anayewapima kina mama. Ananiita mjomba, kama mimi nilivyokuwa nikimwita yule mwingine, na ameshaanza kunisahihisha hesabu mbele ya wateja.

Miaka minne iliyopita alikuja bi mkubwa mmoja wa Chumbageni na pisi nzima ya kitenge, yadi 6, kaletewa na mwanawe kutoka Lubumbashi. Rangi ya samawati, na mbayuwayu weupe kila mahali. Alitaka gauni la mikono mirefu, kilemba chake, na kigauni cha mjukuu wa miaka tisa. Advansi akaweka palepale. Watu wa namna hii ndio fundi huwaombea dua: kitambaa kizuri, hana haraka, hana picha ya mtu kwenye simu.

Sasa, vitenge viko vya aina mbili. Vipo visivyo na juu wala chini, maua ya duara, madoa, vimistari. Hivyo unalaza vipande upendavyo, kimoja kichwa huku, kingine kichwa kule, vinashikana kama samaki kwenye kikaango na kitambaa kinatosha. Na vipo vyenye kichwa. Ndege, vikombe, maandishi. Hapo vipande vyote lazima vitazame upande mmoja, na kitambaa kinaliwa zaidi. Hili mwanafunzi wa wiki ya pili analijua. Mimi nalijua. Lakini nilikuwa nakata usiku, yadi 6 zilitakiwa zitoe vitu vitatu, nikavilaza kama samaki.

Nilikuja kugundua gauni limeshaungwa ubavuni. Mgongoni mbayuwayu wanapaa. Kifuani wanaanguka, vichwa chini, kama waliopigwa manati wote siku moja.

Kitambaa kimekwisha. Nilizunguka maduka ya vitenge siku mbili nikitafuta kinachofanana, sikukipata. Ndipo nikafanya lile ambalo mpaka leo nikilikumbuka masikio yanawaka: nilinyamaza. Nilisema moyoni, mtu mzima yule, macho yake si ya jana, hataona. Nikalipiga pasi vizuri kuliko nguo zote nilizowahi kupiga pasi.

Alilivaa. Akasimama mbele ya kioo. Akaweka kidole juu ya ndege mmoja, hapa karibu na bega, akakishusha taratibu kufuata mdomo wa yule ndege ulikoelekea, mpaka tumboni. Akanitazama kupitia kioo. Nami nikatazama bobini. "Ahsante, mwanangu," akasema, akatoa 15,000, akazihesabu mara mbili, akaondoka.

Laiti angenitukana.

Watu husema mafundi ni waongo. Ni kweli, lakini naomba nieleze uongo wenyewe unavyopatikana, maana hauanzi kwa ubaya. Unaanza kwa kutaka kupendeza. Mama anaingia, jasho linamtiririka, ana harusi Jumamosi, macho yananiomba. Nikimwambia "Haiwezekani," uso utaanguka sasa hivi, mbele yangu. Nikimwambia "Njoo Ijumaa," uso utachanua sasa hivi, mbele yangu, na utaanguka Ijumaa, ambayo iko mbali. Nani asiyechagua hilo la pili? Nimewahi kuigawa Ijumaa moja kwa watu 11.

Ijumaa inafika. "Fundi, vipi?" "Imebaki vifungo tu." Hiyo ndiyo nyiradi yetu. Vifungo ni kazi ya robo saa, kwa hiyo mteja anatulia. Hajui kwamba kitambaa chake kiko chini ya meza, kimekunjwa vilevile alivyokileta. Mama mmoja muuza samaki wa pale Deep Sea, hodari wa maneno, alinijibu: "Haya, nioneshe hivyo vifungo." Nikaingia ndani kuvitafuta. Nikatokea mlango wa uani.

Na zamani nilikuwa nazima simu. Dada mmoja akanikuta soko la Mgandini nanunua nyanya. Hakunitukana, alinipa mkono kwa heshima zote. "Nakupigia tangu juzi," akasema, "yule mwanamke wa kwenye simu ananiambia mteja ninayempigia hapatikani. Nikasema, kumbe! Mteja ni wewe. Fundi ndiye mimi, ndiyo maana nahangaika kukutafuta." Watu wakacheka, muuza nyanya wa kwanza. Tangu siku hiyo sizimi simu. Napokea, nadanganya kwa sauti yangu mwenyewe.

Mgeni wa Dar es Salaam naye alinipa kazi asubuhi, aondoke jioni. Akalala Tanga siku tatu. "Nilisikia huku ni waja leo waondoka leo," akaniambia, "kumbe hawakumhesabu fundi."

Lakini yote hayo ni mazoezi. Mechi yenyewe ni Ramadhani.

Kuanzia mfungo wa 10 hivi mifuko inaanza kupanda ukutani. Kila mama ana watoto watatu, kila mtoto na nguo ya Idi mosi, na wenye uwezo na ya Idi pili. Mfungo wa 20 natundika karatasi mlangoni: HATUPOKEI TENA NGUO ZA IDI. Karatasi ile haijawahi kumzuia mtu hata mmoja; wanaiegemea wakiongea. "Sawa, hupokei, lakini mimi si mtu wa nje." Hapa Ngamiani hakuna mtu wa nje. Ukifuatilia sana, sote tumeoleana.

Halafu kuna mwezi. Mfungo huwa 29 au 30, na fundi yeyote atakayekuambia haombi 30 ni muongo kuliko mimi. Siku ile moja ni nguo 14. Tena wapo wanaofuata mwandamo wa Makka, na wapo wanaosubiri uonekane kwetu na Mufti atangaze, na mwaka mwingine hao wanaachana siku nzima. Kwa hiyo mteja akileta kitambaa, mpwa wangu anapima kifua, kiuno, urefu, kisha anauliza kwa adabu: "Na nyinyi, mama, mnafungua na nani?" Anaandika herufi pembeni. Mambo ambayo masheikh huyajadili kwa vitabu, kwangu ni mafungu mawili ya mifuko, na Mungu anisamehe, ni rehema.

Mwaka mmoja tuliingia usiku wa mwisho na nguo tisa za kumalizia. Mvua ya masika ilikuwa inanyesha tangu alasiri, kila kitu tumekiingiza sebuleni. Saa tatu usiku mwezi ukatangazwa. Mfungo 29. Barabarani watoto wakashangilia, mimi nikakaa chini. Saa nne umeme ukakatika.

Ovaloki ikafa. Butterfly haijui umeme ni kitu gani, ikaendelea. Mpwa wangu akashika tochi ya simu, mimi nakanyaga, na kingo za ndani tukazipinda kwa sindano ya mkono kama alivyokuwa akifanya mjomba. Kwenye benchi alikuwapo mama mmoja wa Makorora mwenye mabinti watatu, vigauni vitatu vya pinki vyenye lesi. Nilimwambia aende nyumbani, nitamletea mwenyewe alfajiri. Akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyesema imebaki vifungo.

"Nitangoja."

Saa sita alikuwa bado anaongea, anatusimulia habari za wifi yake, mpaka mimi nikamchukia yule wifi bila kumjua. Saa saba akanyamaza. Saa nane nikageuka nikamkuta kalala, kichwa ukutani, mkoba kaupakata kama mtoto. Mpwa wangu akamfunika khanga. Kwa saa nzima sikusikia kitu isipokuwa cherehani, mvua juu ya bati na pumzi za mteja aliyelala, na nasema kweli, sijawahi kushona vizuri kama saa ile. Hakuna aliyeniuliza bado. Mshono ulinyooka wenyewe.

Saa tisa na nusu nikamwamsha. Akazishika nguo akazigeuza ndani nje. Wanaojua nguo hutazama ndani. Akaona zile kingo.

"Umeshona kwa mkono huku?"

"Umeme ulikatika, mama."

Hakujibu. Akazikunja moja moja, akaziweka mkobani, akajitanda ile khanga yetu akatoka nayo kwenye mvua. Haijarudi mpaka leo na siidai.

Alasiri ya Idi nilikuwa nimekaa barazani, macho yana mchanga wa usingizi, nikawaona wale mabinti watatu wanapita, nadhani wanaelekea Raskazone. Walitembea katikati ya barabara kama gari la bwana harusi. Yule mdogo kila hatua tano anasimama, anazunguka ili gauni lipae, halafu anakimbia kuwafikia dada zake. Hawakunisalimu, hawakujua mimi nani. Niliwatazama mpaka wakakata kona.

Kabla sijaacha kutabasamu simu ikalia. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp, dakika nne na sekunde 11. Maana nilisema nguo zilikuwa tisa, na ya tisa sikuimaliza. Sauti ya mama mwenye nguo hiyo ilikuwa ya chini, hakugombeza. Alikuwa ananieleza tu kwamba binti yake kakataa kutoka nje kwa nguo ya mwaka jana, na nyuma yake mtoto alikuwa analia, si kwa sauti kubwa, kile kilio cha kuchoka. Ule ujumbe nimeusikiliza mara moja. Sijaufuta.

Gauni lenyewe, la njano, nililimaliza Idi pili asubuhi. Nilipiga simu, nikatuma mtu. Halijachukuliwa. Liko chini ya meza kwenye fungu la nguo zisizo na wenyewe: suruali ya shule ya mtoto ambaye sasa atakuwa ananipita urefu, sare nne za harusi ambayo haikuwa, na blauzi moja ndani ya rambo, ile mifuko ya plastiki. Rambo zilipigwa marufuku Juni 1, 2019, kwa hiyo umri wake unaweza kuukisia. Mafundi wengine huandika ukutani kwamba baada ya miezi mitatu nguo inauzwa. Nami nimeandika. Kuuza ndiko kunakonishinda. Nitamwuzia nani mwili wa mtu?

Siku hizi wateja wanakuja na picha. Mwanamke wa Lagos kwenye Instagram, kasimama kwenye ngazi. "Nishonee kama hivi, fundi." Picha ile ina nguo, lakini ina na mwili ndani yake, na mteja anataka vyote viwili kwa 35,000. Mpwa wangu ana kipaji hapo. Hasemi haitakukaa. Anasema, "Shingo hii, dada, kwako ingependeza ikishuka mpaka hapa," anachora kidogo, anafuta, anachora tena, mpaka dada anaondoka akiamini lile wazo kalitoa yeye.

Na vipimo havitamkwi. Mpwa wangu anapima, anaandika, ananyamaza, kwa sababu benchi la nje lina masikio. Lile daftari ukilifungua la miaka utasoma maisha ya watu. Kiuno 30, kiuno 32, halafu 41, halafu 34. Kuna mimba nimezijua kabla ya mwenye mke. Nimekaa kimya, nikaongeza kitambaa mbele.

Alikuwapo mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mteja wa kila Krismasi. Kifua 42, miaka yote. Mwaka mmoja 39. Mwezi wa nne akaja na magauni yake manne ya zamani nimpunguzie. Kifua 36, kilemba kakifunga chini kuliko kawaida yake. "Punguza tu, fundi, yamekuwa magunia." Sikuuliza. Ukipunguza nguo, desturi ni kukata kitambaa kilichozidi ili mshono usivimbe ubavuni. Sikukata. Kile kilichozidi nilikikunja chote ndani, pande zote mbili, nikakishikiza kwa mishono mirefu. Alipovaa akagusa ubavu, akasikia unene.

"Mbona hujakata?"

"Kitambaa kizuri, mwalimu. Tutakihitaji."

Hilo tu. Na usiku sikulala, najiuliza nimepata wapi ujasiri wa kumwahidi mtu jambo kama lile, mimi ambaye Ijumaa tu inanishinda.

Alirudi baada ya mwaka na miezi miwili. Kilemba hana. Nywele fupi zimeota, nyingine za mvi. Aliweka magauni manne juu ya meza akasema, "Fungua." Nikachukua wembe nikafumua. Taabu ya kitenge ni kupauka: nje kimeliwa na jua na sabuni, ndani rangi bado mbichi kama siku ya kutoka dukani. Ukiachia mshono unabaki na mstari wa rangi kali kutoka kwapani mpaka chini, huku na huku. Nikamweleza, nikamwambia naweza kuufunika kwa utepe. Akaupitisha kidole ule mstari.

"Uache hivyohivyo," akasema. Kisha akamgeukia mpwa wangu: "Nipime. Na leo utaje kwa sauti."

"Thelathini na tisa!" akasema mpwa wangu, na benchi zima likasikia.

Jumatatu hii, jioni, kaja msichana kavaa sare za sekondari, kaniamkia, kaniwekea mfuko mezani. "Bibi kanituma. Vipimo vyake unavyo, kasema hajabadilika." Nikamtazama usoni nikakumbuka kigauni cha mbayuwayu. Amekua, maskini. "Na kasema," akaendelea, anajizuia kucheka, "safari hii ndege waruke juu."

Nikafungua mfuko kwa hofu. Kitenge cha zambarau, yadi 4, madoa meupe ya duara. Ndege hata mmoja hamna. Kitambaa hakina juu, hakina chini, ungekikata umefumba macho. Miaka minne bi mkubwa kalilea hilo fumbo lake, na katafuta mpaka kitambaa cha kulifungia!

Nilimwuliza yule binti lile gauni bibi alilifanya nini.

"Analivaa. Anasema nyuma wanapaa, mbele wanatua."

Nimemwambia Alhamisi. Leo Jumatano, saa nne usiku, kitambaa kiko chini ya meza, na mimi ndiye huyu nakaa kuandika. Lakini vifungo, wallahi, nimeshavinunua.